Usiniambie Umepanda Miti Mingapi, Niambie Umeipanda Wapi

Wasee, leo sina mzaha mwingi. Nina deni lenu na nimekuja kulisema mbele ya kila mtu.

Mnakumbuka Novemba 2023? Serikali ilitangaza tarehe 13 iwe sikukuu ya kupanda miti nchi nzima. Wengi wenu mlilala. Mimi nikajifanya balozi wa mazingira. Niliweka namba yangu ya M-Pesa hapa, mkanitumia shilingi 9,000. Mia mia, hamsini hamsini. Kuna mmoja alituma ishirini akaandika, "hii ni ya maji ya mche mmoja." Nikanunua miche 150, bob hamsini kila mmoja, hiyo ni 7,500. Zile 1,500 zilizobaki zikaenda kwa usafiri hadi kwa kukhu wangu, Shinyalu, karibu na msitu wa Kakamega. Nikapanda yote 150 kwa siku moja. Mikono ilitoka malengelenge. Video ilienda vizuri kuliko zote nilizowahi kuweka, na mkaniita shujaa.

Aprili 2024 nilirudi kuhesabu. Ilikuwa imebaki 19.

Hebu niwavunjie hesabu, kwa sababu pesa ni zenu. Sitini nilipanda kule chini bondeni, mahali pa majimaji, nikidhani maji ni mazuri kwa mti wowote. Ikabaki miwili. Sitini nyingine nilipanda juu kwenye uwanja wa murram, jua kali, hakuna hata kichaka. Ikabaki mitano. Thelathini za mwisho nilizichomeka nyuma ya nyumba, chini ya miembe ya kukhu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na giza lilikuwa linaingia. Pale ndipo ilibaki kumi na miwili.

Yaani pale nilipofanya kazi ya uvivu ndipo nilifaulu. Fikiria hilo.

Nilikaa nayo hii kitu karibu mwezi mzima bila kuposti. Niliona aibu. Nilikuwa tayari kulaumu kiangazi cha Januari, kulaumu mbuzi, kulaumu yule aliyeniuzia miche. Lakini kukhu hakunipa nafasi. Alisimama bondeni, akakanyaga ule udongo unaofyonza gambuti, akaniambia, "Mjukuu wangu, mwiritsa haupendi kusimama ndani ya maji. Ile siku ulikuwa unaangalia simu, hukuangalia udongo."

Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile. Akacheka. "Uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuja na majibu kutoka Nairobi.

Kesho yake khotsa wangu alinipeleka msituni. Yeye amekulia pembeni ya huo msitu na anaujua vile wewe unajua njia za mkato za mtaa wenu. Nilidhani ni mahali pamoja: unaingia, kuna miti mingi, unapiga picha, unatoka. Akanizungusha karibu saa tatu, na kila tukitembea dakika kumi ananisimamisha. Angalia hapa. Karibu na mto, mizizi inalowa na kuna aina fulani za miti. Panda mteremko kidogo, maji hayasimami, aina zimebadilika. Fika mahali jiti kubwa limeanguka, jua linapiga hadi chini, na miche imejaa ya aina ambayo pale kivulini, hatua ishirini tu kutoka hapo, huoni hata mmoja. Toka ukingoni kwenye nyasi, kuna misutsu, ile miti inayokimbilia mahali peupe kama vijana wanaokimbilia mataa ya uwanja wa mpira.

Msitu mmoja, jina moja kwenye ramani. Lakini ndani yake kuna mitaa. Hapo ndipo nilianza kusoma, na ndio maana ninaandika haya.

Kuna swali ambalo limesumbua wanasayansi kwa miaka mingi, na ukilisikia litakusumbua pia. Kwa nini misitu ya mvua ina aina nyingi hivyo za miti? Kila mti unataka vitu vilevile: mwanga, maji, virutubisho, na mahali pa kusimama. Mbona mmoja, ule wenye nguvu zaidi, haushindi wote na kujaza msitu mzima?

Fikiria stage ya matatu mtaani kwenu. Mama wawili wanauza chapati na madondo, bei moja, saa moja, ukuta mmoja. Baada ya miezi michache mmoja atafunga. Lakini kama mmoja anauza asubuhi kwa watu wa mjengo na mwingine anauza jioni kwa watu wa matatu, wote wanaweza kulisha familia. Hawapiganii mteja mmoja. Wazo la kwanza la wanasayansi kuhusu miti ni kama hilo: aina nyingi zinaishi pamoja kwa sababu "pamoja" yenyewe si mahali pamoja. Msitu una mabonde na migongo, udongo mnono na udongo maskini, kivuli kizito na mianya ya jua. Kila aina ina kona yake ambapo inawashinda wengine, na nje ya hiyo kona inashindwa.

Sasa, wazo tamu si ushahidi. Kwa hivyo watu waliamua kuhesabu.

Kule Panama kuna kisiwa kinaitwa Barro Colorado. Zamani kilikuwa kilima tu. Walipoziba mto Chagres kutengeneza Mfereji wa Panama, mwanzoni mwa miaka ya 1910, maji yakapanda na kilima kikabaki kisiwa katikati ya ziwa. Miaka ya mwanzo ya 1980, Stephen Hubbell na Robin Foster walipima eneo la hekta 50 juu ya hicho kisiwa, wakaamua kuhesabu kila shina lenye unene wa kuanzia sentimita 1. Kila shina! Si miti mikubwa pekee, hata kile kijiti unachoweza kuvunja kwa vidole. Walipata zaidi ya mashina 200,000, yenye aina karibu 300. Kila shina lina namba yake, mahali pake kwenye ramani, na tangu 1985 watu wanarudi kila baada ya miaka mitano kuhesabu tena, nani amekufa, nani amezaliwa, nani amenenepa.

Ukitaka kujua hekta 50 ni ngapi, ni kama viwanja 70 vya mpira. Aina karibu 300 ndani ya viwanja 70. Uingereza nzima, kisiwa kizima, aina za asili za miti hazifiki hata mia. Na Barro Colorado si bingwa. Lambir, kule Sarawak, Malaysia, kuna eneo la hekta 52 lililopimwa vivyo hivyo, na lina aina zaidi ya 1,000. Udongo wa Lambir hubadilika ndani ya umbali mfupi, kutoka mchanga maskini hadi mfinyanzi mnono, na aina nyingi za miti zimejigawa kufuata huo udongo.

Ramani ya Barro Colorado ilionyesha vitu ambavyo khotsa wangu angesema "si nilikuambia?" Kuna aina zilizojazana kwenye kinamasi. Kuna zilizofuata kijito. Kuna zinazopenda miteremko. Na hapo kuna kitu kilinishangaza: kwenye kile kisiwa, wakati wa kiangazi ni udongo wa mteremko unaobaki na unyevu zaidi kuliko wa juu kwenye tambarare. Mimi ningedhani kinyume. Ningeenda pale na miche yangu 150 nikapanda ile inayopenda maji mahali palipo na kiu.

Mwaka 2007 ulitoka utafiti uliolinganisha misitu mitatu: huo wa Panama, mmoja wa Ecuador na mmoja wa Colombia. Walichimba udongo, wakapima virutubisho, wakalinganisha na mahali kila aina ya mti ilisimama. Matokeo: kati ya asilimia 36 na 51 ya aina za miti zilikuwa zimejipanga kwa kufuata virutubisho vya udongo. Karibu nusu. Na huo ni udongo tu, hatujaongeza mwanga wala maji.

Lakini utafiti ninaoupenda kabisa ni wa Peru. Huko Amazon, karibu na Iquitos, kuna msitu unaoota kwenye mchanga mweupe, udongo maskini kabisa, na pembeni yake kuna msitu wa udongo wa mfinyanzi wenye virutubisho zaidi. Miti ya hapa si ya kule, hata ikiwa ni ndugu wa ukoo mmoja. Mwanasayansi Paul Fine na wenzake walifanya kitu rahisi: walichukua miche ya aina 20 wakahamisha. Ya mfinyanzi ikapelekwa mchangani na ya mchangani ikapelekwa kwenye mfinyanzi. Halafu mingine wakaifunika na neti ili wadudu wasiifikie, mingine wakaiacha wazi.

Nilidhani jibu ni rahisi, mti wa mfinyanzi utakufa mchangani kwa njaa. Kumbe wapi. Ile iliyofunikwa na neti iliota vizuri mchangani, hata ikaipiku ile ya wenyeji. Ile iliyoachwa bila neti ndiyo iliyoumia. Sababu ni kwamba mti wa mfinyanzi umezoea kukua haraka. Ukiliwa jani, unaota lingine, pesa ipo. Mchangani, jani likiliwa hakuna pesa ya kununua lingine, kwa hivyo wenyeji wa pale wanatumia nguvu zao kujilinda, wanakua polepole lakini hawaliwi ovyo. Udongo na wadudu wakishirikiana ndio wanaochora mpaka. Utafiti huo ulitoka mwaka 2004, na tangu niusome siangalii tena jani lililotobolewa nikadhani ni kitu kidogo.

Sasa ningekuwa mtu wa kuuza maneno ningeishia hapo. Lakini sitaki kuwauzia nusu ya hadithi tena, nilishafanya hivyo Novemba.

Mahali peke yake hapamalizi swali. Kuna wazo la Daniel Janzen la 1970, na Joseph Connell akaja na lake la kufanana 1971: mti mkubwa huvutia wadudu na kuvu wanaoshambulia aina yake, kwa hivyo watoto wake wanaoota chini yake hufa wengi, na nafasi hiyo inabaki kwa mtoto wa jirani. Mwaka 2000 wale wa Barro Colorado walionyesha kwamba kati ya mbegu na mche, katika aina zote 53 walizochunguza, kadiri mbegu za aina moja zilivyorundikana mahali pamoja, ndivyo asilimia ndogo zaidi ilivyofaulu kuwa mche. Yaani msitu wenyewe unakataa msongamano wa aina moja. Na sisi tunafanya nini? Tunapanda mistari ya aina moja, elfu kwa elfu, halafu tunashangaa ugonjwa ukipita.

Kuna pia wazo la bahati. Yule yule Hubbell aliyehesabu miti Panama aliandika kitabu 2001 akisema pengine aina nyingi zina uwezo karibu sawa, na kinachoamua nani yupo wapi ni bahati na umbali ambao mbegu zinafika. Watu wamebishana naye tangu hapo na bado wanabishana. Na kuna misitu inayovunja kanuni zote. Nenda Ituri, Kongo, kwa ndugu zetu wa Kiswahili kingine. Huko kuna mti unaitwa mbau ambao umetawala maeneo makubwa, karibu kila jiti unaloangalia juu ni lenyewe, na pembeni kabisa kuna msitu mchanganyiko wenye aina kibao. Waliopima udongo wa pande zote mbili hawakupata tofauti kubwa ya kueleza hilo. Mbau una mbegu kubwa zinazoanguka karibu na mama, miche yake inavumilia kivuli kizito, na majani yake yaliyoanguka yanafunika ardhi kama godoro. Unashinda kwa njia zake.

Kwa hivyo siwaambii kwamba makazi ndiyo kila kitu. Ninachosema ni hiki: wanasayansi wanabishana kama makazi yanaeleza nusu ya hadithi au robo tatu, lakini sijasoma hata mmoja anayesema mti ni mti na pahali popote ni sawa. Huo ni uongo wetu sisi wa kamera na vyeti.

Na uongo huu una gharama. Wacha nitoe mifano ya karibu.

Mutere. Ukienda Kakamega utauona, ni mti wa nyumbani, Uganda wanauita musizi. Mrefu, unakua haraka, mbao unatoa. Huwezi kumkuta mtu wa mazingira akikukataza kuupanda Kakamega, maana pale ni mwenyeji. Sasa uchukue huo huo mti uupeleke milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Watu waliupanda huko karne iliyopita kwa ajili ya mbao. Msitu ulipokatwa na mianya ya jua ikafunguka, mutere ukaingia. Hondohondo wanapenda matunda yake, wakala, wakaruka, wakaangusha mbegu mbali. Leo ni mvamizi katika mojawapo ya misitu yenye viumbe adimu zaidi Afrika. Mti wa Kiafrika, wa Afrika Mashariki, wa jirani. Kwa hivyo ukiniambia "nimepanda wa asili," nitakuuliza asili ya wapi?

Mathenge. Uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Nia nzuri kabisa. Ukasambaa, ukafunga njia, ukachukua malisho, maganda yake yakaharibu meno ya mbuzi, hadi mwaka 2006 wananchi wakaipeleka serikali kortini. Mti ulipandwa ili kusaidia watu, watu wakatafuta wakili.

Mkaratusi. Sina vita na mkaratusi. Mzee mwenye shamba kavu anayehitaji nguzo na ada ya shule, apande. Lakini tuliupeleka hadi kwenye chemchemi na kingo za mito, mpaka mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, akaagiza uondolewe karibu na maji. Tatizo halikuwa mti. Tatizo lilikuwa pahali.

Sasa tuje kwa mpango mkubwa. Tangu Desemba 2022 nchi yetu ina lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Naunga mkono lengo la kurudisha miti, msinielewe vibaya. Mimi ni mtoto wa nchi ya Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement 1977 na akina mama wa vijijini, na ambaye alipigania Karura ili wewe leo uende huko kupiga selfi na mpenzi wako. Sitacheka na mtu anayepanda mti.

Lakini bilioni 15 ni namba ya kupanda. Ninayotaka kusikia kila mwaka ni namba ya iliyobaki hai. Mimi nilikuwa na 150 kwenye video na 19 shambani. Ningeripoti kama tunavyoripoti nchi hii, ningekuwa bado shujaa.

Kuna kitu kizuri, nikiri. Ile programu ya simu, JazaMiti, inakupendekezea miti inayofaa eneo lako. Hiyo ni hatua kubwa kuliko kununua chochote kilicho kando ya barabara, kama nilivyofanya mimi. Itumie. Lakini kumbuka shamba la kukhu. Ni ekari moja na kitu. Ndani yake kuna bonde la maji, kuna murram kavu, na kuna kivuli cha miembe. Sehemu tatu, ndani ya umbali wa kurusha jiwe, na miche ileile ilipata matokeo matatu tofauti. Simu inajua kwamba uko Shinyalu. Haijui umesimama wapi ndani ya shamba. Hiyo ni kazi ya macho yako na mdomo wako. Kuuliza ni bure.

Najua utanijibu nini. "Lakini maze, si afadhali mti wowote kuliko hakuna mti?" Nimeliwaza hilo sana, kwa sababu lilikuwa swali langu pia. Jibu langu ni hapana, si kila wakati. Mche uliokufa ni bob hamsini iliyokufa, pamoja na maji, nguvu, na imani. Yule aliyenitumia ishirini ya maji hatanitumia tena akijua ukweli. Mti mbaya uliofaulu unaweza kuwa mbaya kuliko uliokufa, waulize watu wa Baringo. Na wakati mwingine kazi bora kabisa ni kutopanda.

Hili la mwisho lilinichoma. Kwenye ule uwanja wa murram nilikochoma miche yangu 55, kulikuwa na misutsu minane. Michanga, imenyooka, majani makubwa ya kijani. Sikuipanda mimi. Kukhu alisema ndege na upepo, "wao hawakuja na video." Misutsu ndiyo inayostahimili jua la pale. Ikikua itatoa kivuli, na chini ya hicho kivuli ndipo ile miche ya msituni niliyoikaanga ingeweza kusimama. Msitu wa Kakamega ukikatwa kipande na kuachwa, unaanza hivyo hivyo: wapenda jua kwanza, wapenda kivuli baadaye, ndege wakibeba mbegu. Hata mapera ya shambani, ambayo si ya asili kabisa hapa, huvutia ndege na chini yake miche ya msituni inaota. Mimi nilitaka kuruka foleni ya miaka thelathini kwa alasiri moja.

Na ndio maana msitu mkongwe ukikatwa, usiniambie tutapanda mwingine mahali pengine, mara mbili yake. Utapanda miche. Ile mitaa ya ndani, bonde na mgongo, mwanya na kivuli, wadudu na kuvu wanaogawanya nafasi, hondohondo wanaosafirisha mbegu, hiyo huipati kwenye kitalu. Ukikata sehemu ya mtoni na kubakisha ya mlimani, hujakata "asilimia kumi ya msitu." Umemaliza wale wote ambao kwao ulikuwa ni pale tu. Kwa hivyo kila mara mtu akitaka kukata kipande cha msitu wa asili kwa barabara au hoteli halafu anaahidi miche milioni, mimi sitaki hata kusikia hiyo hesabu. Nataka tupinge kwanza, tukiwa wengi na tukiwa na sauti. Tunajua kupiga kelele mtandaoni kwa mambo madogo zaidi ya hili.

Sasa deni langu. Mnanidai miche 131. Sitawarudishia pesa kwa sababu sina, tusidanganyane. Lakini nimepatana na kukhu na khotsa hivi: murram hatupandi kitu, tunazungushia tu miti ya miiba ili mbuzi wasile misutsu. Bondeni tutaweka mizambarau mwitu, ambayo haiogopi maji, na tutaokota mbegu sisi wenyewe kutoka kwa miti inayosimama kando ya maji hapo karibu. Kivulini tutaongeza michache kila msimu, aina tofauti tofauti, si mistari. Mvua ndefu ikianza nitaenda. Na kila Aprili nitaposti hesabu ya iliyo hai, hata ikiwa ni aibu. Ikiwa ni saba, nitaandika saba.

Nawe, kabla ya kununua mche wako ujao, jiulize vitu vitatu. Mti huu kwao ni wapi? Hapa ninaposimama kuna jua kiasi gani na maji hukaa muda gani? Na nani atarudi kuuangalia mwaka ujao? Kama huna jibu la swali la tatu, hiyo hamsini nunua chapati. Sitakuhukumu.

Na kama una nyanya, guka, kukhu, cucu, dani, yeyote aliyeishi kando ya msitu, mpigie leo. Muulize ni mti gani ulikuwa unaota kule chini kwa maji alipokuwa mtoto. Halafu uniandikie hapa alichosema. Nitasoma zote.